Mimi Ndiye Mwonjaji, na Sionji Kitu

Mshauri mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na naomba unisaidie, ila kabla sijaeleza lolote acha niseme lile ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki yangu wa dawati moja, hata kwenye sala zangu nimelipitia juu juu tu: ulimi wangu haupati ladha. Tangu nilipougua homa na mafua mwaka jana, chai kwangu ni maji ya moto, chungwa ni kitu kinacholowesha mdomo, pilipili inauma lakini haina utamu, na kitunguu najua ni kitunguu kwa sababu ya machozi. Ninakula kwa kukumbuka. Kwa mtu mwingine huenda hilo lingekuwa jambo la kwenda kwa daktari na kurudi, lakini mimi ndiye mwonjaji wa chungu katika mgahawa wa bibi yangu, na mgahawa unafungwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na siku hiyo natakiwa nionje mbele ya watu wote.

Acha nieleze uelewe, maana najua nikiandika huwa narukaruka, mwalimu wa lugha ya shuleni husema hivyo na wa lugha ya nyumbani naye husema hivyo, kwa hiyo huenda ni kweli.

Bibi alianza na sufuria moja kwenye lango la karakana ya mbao. Babu alikuwa seremala pale, akafariki mama yangu akiwa hajaanza shule, na bibi badala ya kurudi kwao akaja na sufuria yake palepale langoni akawauzia chakula wenzake babu, wakala wakiwa wamekalia mbao walizokuwa wanazipiga randa. Baadaye akakodi chumba ng'ambo ya barabara, kisha chumba cha pili, wakatoboa ukuta katikati, na mabenchi tunayokalia hadi leo yalitengenezwa na mafundi walewale, mojawapo limechongwa jina la babu kwa chini, ukitaka kuliona inabidi ulale sakafuni, nami nimelala sakafuni mara nyingi. Kila asubuhi bibi anaandika chakula cha siku kwenye ubao wa nje kwa herufi kubwa tupu, na kila neno analipigia mistari miwili chini, WALI, MAHARAGWE, MCHUZI, kana kwamba kuna mtu atabisha.

Sasa pale kwetu kuna utaratibu mmoja ambao sijauona kwingine. Bibi haonji chungu chake. Anasema anayepika anakipenda mno chungu chake, hawezi kukihukumu, kwa hiyo lazima aonje mtu ambaye hakukipika, na mtu huyo awe mtoto wa nyumbani, kwa sababu mtoto bado hajajifunza kusifia. Zamani alikuwa mama, akikalia ndoo iliyopinduliwa, mpaka alipoenda kusomea uuguzi, kisha ikapita miaka akionja mjomba, lakini mjomba naye alipoanza kupika akawa hafai tena, ndipo nikaingia mimi nikiwa na miaka minane. Kuna kijiko cha bati chenye shingo iliyopinda, kinaning'inia kwenye msumari pembeni ya mlango wa jikoni, hakifanyi kazi nyingine yoyote. Bibi anachota, anapuliza, anakinga kiganja chini ya kijiko, ananiletea mdomoni, halafu anauliza neno moja tu: "Chumvi?" Nami nasema sawa au nasema bado. Nikisema bado, hakuna sahani inayotoka hata kama foleni imefika barabarani.

Mshauri, mimi ni mtu wa haya sana. Darasani nikiulizwa swali jibu ninalo lakini linaishia kooni, na nikienda dukani nasubiri wote wahudumiwe kwanza, hata waliokuja nyuma yangu. Lakini pale jikoni, kijiko kikinifikia, mjomba anaacha kukatakata, bibi ananitazama, na wateja walio karibu na dirisha la sahani wananyamaza. Kuna fundi baiskeli mmoja tunamwita Spoku, yeye ndiye aliyenipa jina la Hakimu, kila siku anachungulia dirishani akiuliza kama Hakimu ameshatoa hukumu au bado anasikiliza mashahidi. Ni mahali pekee ambapo watu wanangoja nifungue mdomo. Kwa hiyo nilipopona homa na bibi akaniletea kijiko, nikakuta hamna kitu, ni joto tu, nilisema sawa. Nilidhani ladha itarudi baada ya wiki. Haikurudi, nami nikaendelea kusema sawa kwa kuangalia rangi ya mchuzi na uso wa mjomba, na siku nyingine nilisema bado ili nisishukiwe, wakaongeza chumvi kidogo, nikasema sawa.

Halafu ikaja siku ya chumvi. Bibi alitia chumvi kwenye mchuzi, akaitwa nje na mleta mkaa, mjomba akadhani haijatiwa, akatia naye. Nikaletewa kijiko. Nikasema sawa, tena kwa sauti, maana siku hizo nilikuwa nimejifunza kusema kwa sauti. Sahani zikatoka. Kukawa kimya huko nje, si kile kimya kizuri cha watu wanaokula, halafu nikamsikia Spoku akisema, "Hakimu, leo umenihukumu kunywa maji." Watu wakacheka na mimi nikacheka, nikidhani ni utani wake wa kila siku. Bibi hakucheka. Alitoka akaenda hadi mezani kwa Spoku, akachukua kijiko chake, akaonja kutoka kwenye sahani ya mteja. Kabla ya hapo sikuwahi kumwona akionja chakula chake mwenyewe, wala mama hajawahi. Akarudisha kijiko taratibu, akawageukia watu wote.

"Mkono wangu umezeeka," akasema. "Nisameheni."

Mjomba akaanza kusema huenda ni yeye, bibi akamnyamazisha kwa kiganja. Wote wakakaangiwa mayai na hakuna aliyelipishwa. Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshika kile kijiko cha bati, sikusema kitu.

Kesho yake kila meza ilikuwa na kikopo cha chumvi. Labda kwako ni kawaida, lakini kwetu hakukuwahi kuwa na chumvi mezani, hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya nyumba, mgeni akiomba chumvi wenyeji walikuwa wanamwambia akaombe kwa jirani. Sasa chungu kinapikwa kwa chumvi kidogo na kila mtu anajiongezea. Bibi bado ananiletea kijiko kila siku lakini hata swali amelibadilisha, haulizi tena chumvi, anauliza "Imelainika?" basi, nami najibu ndiyo, kwa sababu kweli imelainika, hilo nalijua kwa meno. Naona ameshakata tamaa na chumvi. Ameshajiona mzee.

Kisha mwenye jengo akaliuza, na aliyenunua anataka kulibomoa. Mafundi wa karakana wakamtafutia bibi chumba kingine mtaa wa nyuma, kodi haina tofauti kubwa, wakasema mabenchi watayahamisha wenyewe kwa mikokoteni. Mama alifurahi, mjomba alikuwa ameshaanza kupima mlango kama jiko litapita. Bibi akawasikiliza mpaka mwisho, akasema hapana, mkono umeshasema. Maneno hayo, mshauri, hayanitoki kichwani. Mkono haukusema kitu. Niliyesema ni mimi.

Jumamosi hiyo watakuja watu wengi, hata waliohama mtaa. Bibi atapika chungu kikubwa cha mwisho, chumvi yote ndani kama zamani, na vikopo viondolewe mezani, ameagiza mwenyewe. Nitaonja mbele ya wote, nitasema neno langu, atanikabidhi kijiko kiwe changu, kisha nizungumze kidogo kuhusu yeye na alichokijenga, kwa lugha zote mbili kwa sababu wageni wamechanganyika. Mama anasema ni jambo dogo tu, mwanangu, utasimama, utasema, utakaa. Hotuba nimejaribu kuiandika. Kwa lugha ya shuleni inatoka nzuri, ina maneno makubwa, lakini bibi hataielewa, na nadhani ndiyo sababu inatoka nzuri. Kwa lugha ya nyumbani, hii hii ninayokuandikia, kila nikiandika "bibi" sentensi inagoma kuendelea.

Sijui nifanye nini. Nikimwambia nitamharibia siku yake ya mwisho, na atajua kwamba mjukuu wake alimwacha awaombe watu radhi kwa kosa lisilo lake. Nikinyamaza nitapokea kijiko kwa uongo, naye atakaa nyumbani akiamini kwamba mkono wake ndio uliokwisha. Na chungu hicho cha mwisho kikiwa kimekosewa je, nani atajua? Tena naogopa, naomba usinicheke, kwamba nikisema ukweli sitakuwa Hakimu tena, nitakuwa yule wa dukani tu anayesubiri wote wahudumiwe.

Naandika nikiwa stoo, juu ya gunia la mchele, huu muda wa alasiri watu wakiwa wameshakula. Anwani yenu nimeikata gazetini, iko hapa pembeni, bahasha nitatafuta kesho. Tangu nianze nimekuwa nikiificha karatasi hii chini ya ungo kila nikisikia mtu, ndiyo maana imekunjika na ina vumbi la mchele. Sasa nasikia kandambili za bibi, najua ni zake, mguu wa kulia huwa anauburuta. Mkono umeshaenda kwenye ungo, nimeurudisha. Amefika mlangoni. Nimechoka kuficha, mshauri. Karatasi iko wazi juu ya gunia, wala siifuniki.


MSHAURI ANAJIBU

Hakimu mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya kwanza nilitamani nikuvute sikio. Mama yako ni muuguzi, mnalala nyumba moja, ladha imekutoka tangu mwaka jana, halafu unamwandikia mtu wa gazetini. Na kama ladha imepotea, nahisi hata harufu huipati vizuri, nawe unashinda jikoni. Siku kitu kikiungua utajuaje? Hilo ndilo la kwanza na halina mjadala: leo mama akirudi kazini, kabla hajavua viatu, mwambie, akupeleke kwa daktari. Kama ladha itarudi au haitarudi, daktari ndiye wa kusema, si mimi. Ninachojua mimi ni kwamba kuugua si kosa.

Kusema sawa ndilo kosa, na tusilipambe. Ulipenda watu wanyamaze wakusikilize, nakuelewa, nani asiyependa? Lakini siku ile ulisimama mlangoni na kijiko mkononi ukamwacha mtu mzima aombe radhi kwa niaba yako. Umelibeba peke yako tangu hapo na naona limekuchosha. Vizuri likuchoshe. Mtu asiyechoka na jambo kama hilo ndiye wa kuogopwa.

Ila usijitwike na yasiyo yako. Jengo halikuuzwa kwa sababu ya mchuzi. Mgahawa ambao mafundi wako tayari kuukokotea mabenchi haujaangushwa na chungu kimoja. Na kwa nini bibi amekataa kuhamia mtaa wa nyuma, hilo hulijui, umelikisia tu, hujamuuliza. Mtu anayeburuta mguu, ambaye amesimama mbele ya moto tangu mama yako hajaanza shule, ana haki ya kuchoka, na huenda "mkono umeshasema" ndiyo njia yake ya kusema nimechoka bila kulalamika.

Sasa kuna jambo umenieleza bila wewe mwenyewe kuliona. Unasema bibi amebadilisha swali, ukahesabu kuwa amekata tamaa. Tulia ufikirie. Bibi yako alionja sahani ya Spoku. Mtu aliyepika miaka yote hiyo anajua kwamba chumvi kama ile haipiti kwenye ulimi mzima bila uso kukunjana, na uso wako alikuwa ameutazama dakika chache kabla. Angeweza kukitundika kijiko akakwambia nenda kasome. Hakufanya hivyo. Ameendelea kukuletea kijiko kila siku, akipuliza, akikinga kiganja, na anakuuliza jambo unaloweza kulijibu kwa meno. Na vile vikopo, unadhani aliviweka kwa sababu amejiona mzee? Aliitoa fahari ya nyumba yake akaiweka mezani kila mtu ajichotee, ili wewe usikosee tena. Huenda nakosea, mimi sikuwepo. Lakini amesema Jumamosi vikopo viondolewe. Kwa macho yangu, huyo anakupa muda wa kusema kabla ya siku hiyo kufika.

Kwa hiyo usingoje Jumamosi, na usimwambie mbele ya watu. Mfuate wakati mnamenya vitunguu, mmekaa ubavu kwa ubavu, kila mmoja macho kwenye kisu chake, kwa mtu wa haya kama wewe hakuna mahali pazuri kuliko hapo, na machozi hayatahitaji maelezo. Sema hivi: "Bibi, siku ya chumvi nilisema sawa na sikuwa nimepata ladha yoyote." Ishia hapo. Usitie "lakini", usianze na homa, homa itakuja yenyewe akiuliza. Akikasirika, kaa, maliza vitunguu. Ana haki ya kukasirika na hutakufa. Akinyamaza, nyamaza naye. Na usiondoke mpaka umemwambia kwamba mkono wake haukuwa na kosa, maana hata kama alijua kuhusu ulimi wako, neno hilo bado anastahili kulisikia kutoka kwako.

Kuhusu kijiko. Unafikiri unarithi ulimi, mwanangu, ndiyo maana unaona huna haki. Bibi yako hakujenga ile nyumba kwa ulimi, na mwenyewe hakuwa anaonja. Aliijenga kwa kukubali kwamba kazi yake aiamue mtu mwingine, kila siku, tena mtoto, na mtoto akisema bado basi ni bado. Wangapi wenye biashara unaowajua wanaweza hilo? Hicho ndicho unachorithi, nacho unaweza kukishika hata ukiwa na ulimi wa mbao. Akikupa kijiko baada ya kusikia ukweli, kipokee kwa mikono miwili.

Kisha siku hiyo chungu kikiwa tayari, wakati wote wamenyamaza wanakungoja, chota wewe. Puliza. Kinga kiganja. Mpelekee bibi mdomoni, umuulize lile swali la zamani. Najua ni kinyume cha utaratibu. Lakini hebu fikiria: kwa ulivyonieleza, mara pekee mlipomwona akionja chakula chake ni siku kilipoharibika. Usimwache afunge mlango na ladha hiyo mdomoni.

Hotuba itupe. Simulia ile sufuria langoni, simulia mabenchi na jina lililo chini yake, watu walale sakafuni kuliangalia wakitaka. Tumia lugha ya nyumbani, na wale wa lugha nyingine utawaeleza mmoja mmoja wakiwa wanakula. Sentensi ikigoma, iache igome. Watangoja. Wamezoea kukungoja, na hawakukungoja kwa sababu ya chumvi peke yake.

Nilikuwa nimemaliza, nikachukua bahasha niitupe, ndipo nikaitazama vizuri. Ulisema bahasha utatafuta kesho. Hii iliyonifikia ni safi, imefungwa vizuri, stempu imebandikwa sawasawa, na anwani yetu imeandikwa kwa herufi kubwa tupu, kila neno limepigiwa mistari miwili chini, kana kwamba tarishi angebisha.

Basi usihangaike kutafuta pa kuanzia. Nenda kamenye vitunguu. Anakusubiri.